Wembe Wenye Mpini

Migori, Jumamosi, 24 Mei 2025

Nyumba niliyohamia ni nzuri, ila vioo vimeniudhi. Fundi aliyepaka fremu hakubandika karatasi ya gundi pembeni, kwa hiyo kila dirisha lina ukingo wa rangi ya mafuta uliopanda kiooni, na matone yaliyoruka yakakaukia hapo hapo. Keateka ananiambia wapangaji wengine huyaacha, baada ya mwezi huyaoni tena. Mimi nitayaona. Nikitoka zamu ya usiku nataka kukaa dirishani na chai yangu nikiangalia barabara ya Isebania inavyoamka, na sitaki madoa ya mtu mwingine kati yangu na asubuhi.

Hadiwea iliyo karibu na stendi wanayo skrepa ndogo ya mkono. Muuzaji alinitolea kwanza ile pana ya kupakia pati. Nikamwonyesha kwa vidole kwamba nataka ya kuingia mfukoni. Ni mpini mfupi wenye wembe mdomoni, na kitufe cha kuutoa na kuurudisha ndani. Nyembe za akiba zinauzwa kando, kwenye kijipakiti. Hizi si za kunyolea. Wembe wa kunyolea una makali pande mbili na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiubana kwa vidole na kuusukuma kwenye kioo hupinda, halafu hukatika, na kipande kinakwenda kinakotaka. Vidole vilivyokatwa hivyo nimevishona mwenyewe hospitalini. Wembe wa skrepa una makali upande mmoja, unene unaozidi mara mbili, na mgongo wa chuma kilichokunjwa ili usipinde. Bado watu wengi wanatumia ule wa kunyolea kwa kila kazi, kwa sababu uko kwenye kila kibanda, na huu inabidi uuulizie.

Nimeanza na ndoo. Kioo kinaoshwa kwa sabuni, kinasuuzwa, kinaoshwa tena, ndipo wembe unakuja. Watu husema wembe unachubua kioo, na mara nyingi wanausingizia. Kwenye kipimo cha ugumu alichokipanga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kutoka 1 hadi 10, kioo cha dirisha kiko kwenye 5.5 hivi, na chuma cha wembe hakiko mbali na hapo. Mchanga wa kwazi uko kwenye 7. Kwazi ni lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa Macalder na Osiri hulisaga wakitafuta dhahabu iliyomo ndani yake, na punje zake zimo katika vumbi linaloingia nyumbani kwetu kila siku. Punje moja ikinaswa chini ya wembe inachora mstari usiofutika.

Kisha mkono. Kioo kiwe kimelowa maji ya sabuni, wembe ulale kiasi cha nyuzi 30, usukumwe mbele tu. Ukifika mwisho unauinua, unaupangusa, unarudi kuanza. Anayepeleka mbele na kuvuta nyuma bila kuinua anaurudisha uchafu wote chini ya makali. Rangi ikishalowa inajikunja na kutoka utepe mzima. Kuna sekunde ambapo inaachia na kioo kinatokea chini yake, na mwili wote unasikia raha. Nimefanya dirisha la sebule hadi giza likaingia.


Jumapili, 25 Mei

Fundi amekuja kurekebisha kitasa. Nikamwonyesha kioo cha bafu, chenye michirizi ya silikoni na stika ya kiwanda. "Sista, hicho usikiguse na wembe," akasema, akainama kunionyesha alama ndogo iliyochorwa pembeni chini.

Alama hiyo ni ya kioo kilichoimarishwa kwa moto. Kimepashwa kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapulizwa hewa kipoe ghafla, ili siku kikivunjika kiwe punje ndogondogo badala ya mapande marefu yenye ncha. Kikiwa tanuruni hupita juu ya rola, na vumbi laini la kioo laweza kugandia upande mmoja kwa lile joto. Macho hayalioni. Wembe ukipita unaling'oa na kuliburuta, na kioo kinajaa mikwaruzo hata kama kilikuwa safi kabisa. Kwa hiyo bafuni nimetumia kadi ya plastiki iliyokwisha muda, kitambaa chenye spiriti, na subira. Nimempenda fundi huyu. Angeweza kuniacha niharibu, kisha anilipishe kuweka kipya.


Homa Bay, Jumamosi, 31 Mei

Awendo, Rongo, Rodi Kopany, na kuanzia hapo polisi kila kona. Kesho ni Madaraka, na kwa mara ya kwanza sherehe ya taifa inafanyika Homa Bay, katika uwanja wenye jina la Raila Odinga. Nimepita majengo mawili matatu yenye harufu ya rangi mbichi, na bila kutaka nikawa natazama kingo za vioo vyake.

Mama aliiona skrepa kabla sijaitoa vizuri mkobani. "Nyathina, umeniletea wembe nyumbani?"

"Ni wa madirisha, Mama."

Hakujibu. Alichukua kiti chake akaenda kukaa nje.

Najua anachokiona. Miaka ya tisini Jumamosi za huku zilikuwa za mazishi. Baada ya mazishi ilikuja siku ya kuwanyoa wafiwa, liedo, na zamani wembe mmoja ulizunguka vichwa vya ndugu wengi. Kisha ujumbe ukafika, redioni, kanisani, kwenye kuta za zahanati: msishirikiane wembe. Kila mtu akaanza kuja na wake ndani ya karatasi. Mama ndiye aliyezihesabu nyembe kabla na baada, na zilizotumika alizitumbukiza chooni kwa mkono wake. Asiyekuja na wake hakunyolewa, hata awe mjomba.

Mimi ni muuguzi, nami naandika hapa jambo ambalo sijaweza kumwambia vizuri. Virusi vya UKIMWI vilienea kwetu kwa ngono hasa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Sehemu ya wembe ilikuwa ndogo sana. Kwenye wembe, cha kuogopwa zaidi ni hepataitisi B, ambayo kirusi chake chaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na kikaambukiza bado, wakati kile cha UKIMWI hudhoofika haraka damu ikikauka. Lakini ngono haikuzungumzwa mbele ya wakwe. Wembe ulizungumzwa. Ulikuwa kitu cha kushika, cha kuficha, cha kutupa, katika miaka ambayo hakukuwa na kidonge cha kumpa mtu. Dawa zilianza kutolewa bure hapa mwaka 2001, na Madaktari Wasio na Mipaka, katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay. Utafiti wa taifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 5 katika kaunti hii anaishi na virusi, na kule Migori 13 kati ya 100. Kwa sehemu, idadi ni kubwa kwa sababu wanaomeza dawa hawafi tena. Mama alikuwa na wembe tu wa kuusimamia, akausimamia. Sitamwambia kwamba hofu yake ilikuwa ya bure, kwa kuwa haikuwa ya bure.

Jioni nilikaa naye nje nikamwonyesha kitufe. Wembe unaingia ndani, kinabaki chuma butu. Akausukuma mwenyewe, nje, ndani, nje, ndani. Halafu akauliza: "Na zikiisha makali, zinakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu linalomtosha mtu aliyewahi kuhesabu nyembe.


Homa Bay, Jumatatu, 2 Juni

Kioo cha duka la Mama hakionekani ndani. Stika za soda, za unga, za kutuma pesa, za mitandao ya simu, za wagombea wa kila kiti tangu 2013. Leo wateja ni wachache, watu wamechoka na sikukuu, nikapata nafasi.

Stika ina tabaka mbili na kila moja ina dawa yake. Juu kuna karatasi au plastiki, chini kuna gundi. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto kikikandamizwa juu yake kwa muda hulegeza gundi, na pembe ikishanyanyuka wembe unaingia kwa ulalo, taratibu, huku mkono wa pili unavuta. Inayobaki ni ile gundi nyeusi inayokamata vumbi. Hiyo haikubali maji. Inataka mafuta ya taa kidogo kwenye tambara, au hata mafuta ya kupikia, kisha wembe, kisha sabuni ya kuondoa mafuta. Mabango ya karatasi yaliyobandikwa kwa uji wa unga wa ngano ndiyo rahisi kuliko yote: maji matupu yanatosha, wembe unakusanya tu.

Nilipofika kwenye picha ya Raila ya kampeni ya 2022, Mama akasema kutoka nyuma ya kaunta, "Huyo mwache." Jua limekula nyekundu na njano, imebaki bluu peke yake. Pembe mbili zimeshajikunja. Nimepitisha wembe kuizunguka, kwa uangalifu kuliko nilivyofanya kazi yoyote leo.


Migori, Jumamosi, 14 Juni

Mtoto wa dada yangu yuko nami wikendi hii, na ameiona skrepa. Anaitaka. Methali inasema mtoto akililia wembe mpe, na kila mara naisikia kutoka kwa mtu mzima aliyechoka. Mimi hupokea watoto waliopewa. Sikubaliani nayo hata kidogo, wala sikubali kumfukuza mtoto anayetaka kujua kazi. Nimempa ndoo na sifongo, nikamweka awe wa kwanza: yeye anaosha, mimi napitisha, yeye anapangusa. Sheria ni mbili. Wembe ukiwa nje uko kwenye kioo tu. Ukitoka kwenye kioo uko ndani ya mpini. Kufikia dirisha la mwisho yeye ndiye alikuwa ananikumbusha, "Mama mdogo, kitufe."

Tumetoa saruji nyeupe iliyokuwa imeganda juu ya vigae vya jikoni, na nta ya mshumaa sakafuni. Jiko la gesi hatukuligusa, maana uso wake ni kioo kilichoimarishwa kama kile cha bafu. Maziwa yaliyoungua nimeyafunika kwa soda ya mapishi na maji usiku kucha, yakatoka kwa kadi. Haliguswi pia dirisha lenye karatasi ya giza, wala kitu chochote cha plastiki.

Nyar Karungu, mwenye nyumba, amepita akasimama mlangoni. Ameangalia madirisha kwa muda bila kusema neno, kisha akauliza kama ni vioo vipya.


Homa Bay, Jumamosi, 9 Agosti

Wiki ijayo wageni wa mkutano wa ugatuzi watakuwa wamejaa mjini, na dada yangu amepangisha chumba cha mbele. Kwa hiyo madirisha tena.

Vioo vya huku vina taabu yao. Kwanza wadudu wa ziwani. Wingu lao likitoka majini jioni na kukuta taa imewashwa, asubuhi kioo kimevaa koti la vijimwili vilivyokauka, na umande umevigandisha. Anayekimbilia wembe hapo anapaka uji tu. Hao ni wa maji mengi na brashi. Pili ni maji ya kisima, yanayoacha madoa meupe ya chumvichumvi chini ya bomba na kwenye kioo cha jikoni. Maji ya ardhini ya upande huu yamepita kwenye mawe ya volkano. Mtu akitaka kuona mwisho wa jambo hilo aende Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ziwa zima la magadi. Doa la namna hiyo ni aina ya jiwe, na wembe peke yake unateleza juu yake. Limau lililokatwa nusu, au siki, likiachwa hapo kwa robo saa, asidi inalila, na linalobaki linaondoka kwa mpito mmoja.

Mama sasa ananiitia skrepa mwenyewe. Alitaka niitumie kwenye mlango wa chuma wa nyuma, ambao rangi yake ya zamani inabanduka magamba. Hapo nikakataa, na nikakataa kwa nguvu. Mlango ule ulipakwa kabla sijazaliwa, na rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia, ubongoni, bila dalili ya kumshtua mzazi. Rangi kama hiyo ikikwanguliwa kavu inakuwa vumbi, vumbi linakuwa kwenye vidole, vidole vinakwenda kinywani. Wajukuu wa Mama wanacheza mlangoni pale. Tumeyalowesha magamba yaliyolegea, tukayapokea kwenye gazeti lililoloa, tukayafunga. Sehemu iliyoshika tumeiacha ishike, fundi ataipaka rangi mpya juu. Mama alisikiliza yote, akasema, "Basi hata rangi ina wembe wake."


Homa Bay, Jumamosi, 18 Oktoba

Tangu Jumatano tulipopata habari za kifo cha Raila kutoka India mji huu haujalala. Leo wamempeleka Kisumu, uwanja wa Mamboleo, kesho ni Bondo. Dada yangu na mumewe waliondoka kabla ya alfajiri kupitia Kendu Bay. Mama hawezi kusimama foleni, nimebaki naye.

Vijana wanapita duka kwa duka na picha zake mpya na sufuria ya gundi ya unga wa ngano. Walipofika kwetu niliwaomba wasipake nje. Picha ikibandikwa nje jua na mvua vitaila, na baada ya miezi kadhaa mtu atakuja na wembe. Nikawaonyesha: ioshe sehemu ya ndani ya kioo, ikauke kabisa, iwekwe ndani uso ukitazama barabara, selotepu pembe nne tu. Ikitakiwa kutoka itatoka nzima, mtu aihifadhi. Wakanisikiliza, labda kwa sababu ya sare niliyokuwa bado nimevaa. Duka la jirani nalo likafanya hivyo hivyo.

Ile ya zamani, ya bluu, Mama hataki isogezwe. Ameniomba nikioshe kioo kinachoizunguka, kwa kitambaa. Watu wanasimama nje kuiangalia kuliko ile mpya. Jioni amekaa mbele yake akinyamaza, nami nikafunga duka mapema.


Migori, Jumamosi, 8 Novemba

Swali la Mama la Mei sasa lina jibu.

Wembe wa kioo huisha upesi kuliko watu wanavyodhani. Ukianza kuruka badala ya kuteleza, au ukiona kutu au pengo dogo ukiutazama kwenye mwanga, ni wa kubadilisha. Pengo hilo litachora kioo. Nami sikubali uende kwenye taka. Taka za mtaa huu zinapekuliwa na watoto wanaotafuta chupa, na wanawake wanaozikusanya kwa mikono mitupu. Choo cha shimo kilimfaa Mama kule nyumbani, lakini vyoo vya mjini hunyonywa, na anayenyonya ni mtu. Marekani walikuwa na desturi ya ajabu: kabati za bafu za zamani zilikuwa na mpasuko mdogo mgongoni, wembe wa kunyolea ukisukumwa humo unadondoka ndani ya ukuta, basi. Wanaobomoa nyumba hizo leo wanakuta lundo la nyembe zenye kutu. Hayo ndiyo matokeo ya kufikiri kwamba kisichoonekana kimekwisha.

Nimechukua kopo la chuma la kahawa, nikapasua mfuniko kwa upana wa wembe, nikauzungushia gundi pembeni usifunguke. Kila wembe uliokwisha unaingia na hautoki. Hospitalini tuna masanduku ya njano kwa sindano na kila chenye makali, na anayesimamia tanuri la kuchomea amekubali kupokea kopo likijaa, mradi limefungwa na limeandikwa. Nilipompigia Mama simu kumweleza, aliuliza maswali ya mtu wa kazi: mfuniko umebanwa kwa kitu gani, kopo linakaa wapi, nani mwingine anajua. Juu ya kabati, Mama, na mtoto hafiki. Akaridhika. Akaniagiza nimtengenezee lake.

Jioni Nyar Karungu amekuja kuomba skrepa. Wapangaji wapya wanaingia upande wa pili, na vioo ni vile vile. Nimetoa wembe nikautia koponi, nikampa mpini na kijipakiti ambacho sijakifungua. Nimemwambia aanze na ndoo, na zilizotumika aniletee mimi, zote, hata zikiwa za leo leo.

"Nizihesabu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, azihesabu.